Nguvu na Utulivu katika Upigaji wa Ala za Shaba: Misingi ya Mazoezi Yenye Tija kwa Wapigaji wa Matarumbeta

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mpigaji wa ala za shaba anavyoweza kuboresha ufundi wake kwa kupunguza nguvu isiyohitajika na kwa kupanga mazoezi yake vizuri. Hoja ya msingi ni kwamba matatizo mengi yanayohesabiwa kuwa udhaifu wa midomo au uhaba wa pumzi hutokana na misuli kufanya kazi isiyokuwa yake. Makala yanaanza kwa kueleza jinsi sauti inavyotokea ndani ya bomba la shaba, kisha yanajadili pumzi, midomo, na namna ubongo unavyojifunza mienendo ya mwili. Mwishoni yanapendekeza mpangilio wa saa moja ya mazoezi. Maelezo yanazingatia mazingira ya bendi za matarumbeta za Afrika Mashariki, ambamo wapigaji wengi hujifunza kwa kusikiliza, hutumia ala chache kwa zamu, na hupiga kwa saa nyingi mahali pa wazi.

1.0 Utangulizi

Ala za shaba si ngeni katika Afrika Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 19 Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi yake, iliyojumuisha wanamuziki wenye asili ya Goa. Katika miaka ya 1890 ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ngoma hiyo ilienea bara kupitia vyama vya Marini na Arinoti, kama Terence Ranger alivyoonesha katika kitabu chake cha mwaka 1975. Makanisa ya Kilutheri na ya Kimoravian nchini Tanzania, Jeshi la Wokovu nchini Kenya, pamoja na majeshi na polisi wa nchi hizi, wameendeleza upigaji huo kwa vizazi kadhaa. Leo ni jambo la kawaida jijini Dar es Salaam kuona msafara wa harusi ukitanguliwa na kundi la matarumbeta lililopanda gari dogo la mizigo, maarufu kwa jina la kirikuu.

Katika mapokeo haya, nyimbo na midundo hurithishwa kwa umahiri mkubwa. Kijana anayejiunga na kundi huweza kujua nyimbo nyingi kwa muda mfupi bila kusoma noti hata moja. Hata hivyo, maarifa yanayohusu matumizi ya mwili hayarithishwi kwa kiwango hichohicho. Maelekezo ambayo mwanafunzi husikia mara nyingi ni mawili: puliza kwa nguvu, na kaza midomo. Maelekezo haya yana chembe ya ukweli, kwa sababu sauti haiwezi kutoka bila hewa wala bila midomo kushikamana. Lakini yakifuatwa kama yalivyo, humfikisha mpigaji mahali ambapo kila noti ya juu inamgharimu zaidi ya iliyotangulia, midomo inavimba kabla sherehe haijafika nusu, na mtu mwenye kipaji huamua kuacha ala kwa kudhani kwamba hakuumbwa kwa kazi hiyo.

Makala haya yanahusu tarumbeta, tromboni, honi na tuba, kwa kuwa zote hutoa sauti kwa kanuni moja. Kile kikombe kidogo cha chuma kinachogusa midomo ya mpigaji kitaitwa kipulizio.

1.1 Dhana ya utulivu

Kabla ya kuendelea ni muhimu kutofautisha ulegevu na utulivu. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, mtu mlegevu ni yule asiyetimiza wajibu wake, na misuli iliyolegea haiwezi kushika kitu. Utulivu unaokusudiwa hapa ni tofauti. Ni hali ambayo misuli inayohitajika inafanya kazi kwa kiasi kinachohitajika, na misuli isiyohitajika inakaa kimya.

Mfano ulio karibu ni wa seremala. Mwanafunzi wa useremala hushika msumeno kwa kuukaba, huukandamiza juu ya ubao, na baada ya muda mfupi bega huuma na mkato huenda upande. Fundi mzoefu huushika kwa uthabiti lakini huacha meno ya msumeno yakate. Fundi huyo si mlegevu. Anachofanya ni kutopoteza nguvu mahali ambapo haileti matokeo. Vivyo hivyo, mpigaji wa tarumbeta anahitaji pembe za midomo zilizo imara, lakini hahitaji mabega yaliyopanda, shingo iliyokakamaa wala mkono unaovuta ala usoni.

2.0 Jinsi sauti inavyotokea

Sauti ya ala ya shaba huanzia kwenye midomo. Hewa inapopita katikati ya midomo iliyogusana kwa wepesi, midomo hufunguka na kufunga kwa haraka sana, na kila inapofunguka hupitisha mpwito mdogo wa hewa ndani ya ala. Idadi ya mipwito hiyo katika sekunde moja ndiyo huamua kama sauti ni ya juu au ya chini.

Bomba la ala nalo lina sehemu yake. Tarumbeta la kawaida lina bomba lenye urefu wa takribani mita 1.4, lililokunjwa ili liweze kushikika. Kila bomba hukubali sauti fulani na kukataa nyingine. Mpigaji wa tarumbeta la B-bemoli asipobonyeza vali yoyote, bomba litakubali sauti yenye takribani mitikisiko 233 kwa sekunde, kisha 349, kisha 466, na kuendelea juu hadi 932 na zaidi. Sauti hizi, ambazo zitaitwa toni asilia, hufuatana kwa uwiano wa namba kamili: 2, 3, 4, 5 na kuendelea. Vali hurefusha bomba tu ili mfuatano huo uanzie chini zaidi. Bomba la kuteleza la tromboni hufanya kazi hiyohiyo.

Jambo muhimu kwa mpigaji ni hili: midomo inapotikisika kwa kasi ambayo bomba linaikubali, mawimbi yanayorudi kutoka upande wa pili wa bomba huisukuma midomo kwa wakati unaofaa, sawa na mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kila bembea inaporudi kwake. Katika hali hiyo ala humsaidia mpigaji. Midomo inapotikisika juu au chini kidogo ya kasi hiyo, mawimbi yanayorudi hufika kwa wakati usiofaa, na mpigaji hulazimika kupigana na ala yake. Noti bado husikika, lakini ni nyembamba, na huchosha.

Kutokana na ukweli huu linapatikana zoezi la kwanza. Mpigaji achague noti ya katikati, aipige kwa sauti ndogo, kisha aishushe taratibu kwa kulegeza midomo bila kubadilisha vali, halafu airudishe. Katika kurudi atapita mahali ambapo sauti inajaa ghafla ingawa hakuongeza hewa. Hapo ndipo katikati ya noti. Wapigaji wengi wanaokaza midomo hugundua kwamba wamekuwa wakipiga juu kidogo ya mahali hapo kila siku, na kwamba sauti kubwa waliyokuwa wakiitafuta kwa kupuliza zaidi ilikuwa chini kidogo ya walipokuwa.

3.0 Pumzi

3.1 Kiwambo na dhana potofu

Mwalimu mmoja baada ya mwingine huwaambia wanafunzi wasukume hewa kwa kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kimaumbile kauli hii haiko sahihi. Kiwambo ni msuli wa kuvuta hewa ndani. Kinapokaza hushuka, kifua hupata nafasi, na hewa huingia. Wakati wa kutoa hewa kiwambo hupanda kikirudi mahali pake, na misuli inayosukuma hewa nje ni ile ya tumbo na baadhi ya misuli iliyo katikati ya mbavu. Mwanafunzi anayejaribu kukaza kiwambo wakati wa kupuliza mara nyingi huishia kukaza tumbo zima mbele na nyuma, na misuli inayovuta ndani hushindana na ile inayosukuma nje. Jasho linatoka, hewa haitoki.

Hali hiyo huwa mbaya zaidi koo linapofungwa. Mtu anayeinua gunia la mchele hufunga koo na kukaza tumbo kwa pamoja, nao mwili wake hufanya hivyo bila kuambiwa ili kuimarisha mgongo. Kwa mbeba mizigo hatua hiyo ina manufaa. Kwa mpigaji ni kizuizi, kwa sababu inafunga mlango uleule ambao hewa inapaswa kupitia. Dalili zake ni mshipa wa shingo kutokeza, uso kubadilika rangi, na kusita kidogo kabla ya noti ya kwanza.

3.2 Pumzi inayojitoa yenyewe

Mapafu na mbavu vina asili ya mpira: vikitanuliwa, hutaka kurudi. Mtu aliyejaza hewa ya kutosha akiachia tu, hewa hutoka kwa msukumo wa mapafu na mbavu zenyewe, bila misuli kufanya kazi kubwa. Kadiri hewa inavyopungua, msukumo huo hupungua, na misuli ya tumbo hulazimika kuchukua nafasi yake. Karibu na mwisho wa pumzi kazi huwa ngumu, na ndipo shingo na mabega huingilia.

Hii ina maana kwamba mpigaji anayevuta hewa kidogo na kupiga hadi ya mwisho anafanya kazi katika sehemu ngumu kuliko zote ya pumzi yake. Mpigaji anayevuta hewa ya kutosha na kuvuta tena kabla haijaisha hubaki katika sehemu nyepesi. Arnold Jacobs (1915–1998), aliyepiga tuba katika okestra ya Chicago Symphony kuanzia mwaka 1944 hadi 1988, alilifanya jambo hili kuwa nguzo ya ufundishaji wake. Yeye mwenyewe hakuwa na mapafu makubwa, hivyo alivuta pumzi mara nyingi zaidi na kujali namna hewa inavyotembea kuliko kiasi kinachohifadhiwa. Alifupisha mafundisho yake kwa maneno mawili: wimbo na upepo. Alikusudia kwamba mpigaji awe na wimbo akilini na upepo unaosafiri, na mambo mengine ayaachie mwili.

Zoezi la pumzi halihitaji ala. Mwanafunzi asimame wima, avute hewa kwa mdomo uliofunguka kama anayetaka kupiga mwayo, kwa hesabu ya nne, kisha aitoe kwa hesabu ya nne bila kusimama katikati. Kusiwe na kituo kati ya kuvuta na kutoa; hewa igeuke kama wimbi linavyogeuka ufukweni. Ili kutambua tofauti za upepo, apulize kiganja chake kama anayepooza chai, kisha kama anayetia ukungu kwenye kioo cha miwani. Pumzi ya kwanza ni nyembamba na ya kasi; ya pili ni pana na ya taratibu. Tarumbeta katika noti za juu linahitaji upepo unaofanana na ule wa kwanza, na tuba inahitaji wa pili. Katika hali zote mbili koo linabaki wazi.

4.0 Midomo na mgandamizo

Philip Farkas, mpiga honi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1962 kwamba mkao mzuri wa midomo upo kati ya kutabasamu na kubinua. Tabasamu peke yake huvuta midomo na kuifanya kuwa myembamba, hivyo chuma cha kipulizio hukutana na nyama isiyo na mto. Kubinua peke yake hufanya midomo kuwa minene na mizito kutikisika. Vitu viwili hivyo vikipatana, pembe za mdomo huwa imara na sehemu ya katikati hubaki laini, tayari kutikiswa na hewa.

Mpigaji anapochoka, au anapoitafuta noti ya juu asiyoimudu, njia ya mkato ni kukandamiza kipulizio dhidi ya midomo. Mgandamizo hubana midomo na noti hutoka. Lakini huzuia pia damu kupita, na misuli isiyopata damu huchoka upesi na kupoteza hisi. Kwa kuwa imechoka, mpigaji hukandamiza zaidi. Mzunguko huu ndio unaoeleza kwa nini mtu anayeanza sherehe vizuri huporomoka ghafla, na si polepole.

Madhara yake yanaweza kudumu. Louis Armstrong (1901–1971), mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, aliumia midomo mara kadhaa katika maisha yake ya muziki. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji aitwaye Planas aliripoti kuchanika kwa msuli unaozunguka mdomo miongoni mwa wapigaji wa tarumbeta, na akaiita hali hiyo kwa jina la utani la Armstrong. Mpigaji ambaye maumivu au udhaifu wa midomo yake hauishi baada ya siku kadhaa za mapumziko hapaswi kuendelea kupiga, amwone daktari.

Mgandamizo mara nyingi huanzia mikononi. Tarumbeta lina ndoano ndogo ambamo kidole cha mwisho cha mkono wa kulia huingia, na kidole hicho hugeuka kuwa kamba ya kuvutia ala usoni. Tiba rahisi ni kukitoa kidole hicho kwenye ndoano na kukiweka juu yake wakati wa mazoezi. Mkono wa kushoto nao ushike ala kama unavyoshika yai: lisianguke, na lisipasuke. Mpigaji ajitazame kwenye kioo au katika video ya simu. Alama ya duara inayobaki kwenye midomo kwa muda mrefu baada ya kupiga ni ushahidi unaotosha.

5.0 Ubongo na mazoezi

5.1 Mahali pa kuweka mawazo

Mpigaji anayesoma maelezo yaliyotangulia anaweza kuingia katika mtego mwingine: kufikiria kiwambo, koo, pembe za mdomo na kidole cha mwisho kwa wakati mmoja, huku akipiga. Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake uliochapishwa mwaka 1998 ulionesha kwamba watu wanaojifunza mwenendo mpya wa mwili hujifunza vizuri zaidi wanapoelekeza mawazo kwenye matokeo ya mwenendo huo nje ya mwili, kuliko wanapofikiria viungo vyao. Tafiti nyingi zilizofuata katika michezo zimeunga mkono hoja hiyo.

Kwa mpigaji, matokeo ya nje ni sauti. Kwa hiyo uchunguzi wa mwili una wakati wake, nao ni kabla ya kupiga au baada ya kupiga. Wakati wa kupiga, akili isikilize wimbo inaoutaka. Njia bora ya kufikia hapo ni kuimba. Mpigaji asiyeweza kuimba kipande cha wimbo kwa usahihi hawezi kutarajia midomo yake ikipate kwa kubahatisha. Wapigaji wa matarumbeta wana faida kubwa katika jambo hili, kwa sababu wengi wao wamejifunza kwa sikio tangu mwanzo. Faida hiyo hupotea pale tu wanapoacha kuimba na kuanza kusukuma.

5.2 Kuchanganya na kugawa

Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walichapisha jaribio kuhusu watu waliojifunza mienendo mitatu ya mkono. Waliorudia mwenendo mmoja mfululizo kabla ya kuhamia mwingine walifanya vizuri zaidi wakati wa mazoezi. Lakini walipopimwa baadaye, waliochanganya mienendo yote mitatu ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Fundisho lake ni kwamba urahisi unaohisiwa wakati wa mazoezi si kipimo cha kilichojifunzwa. Mpigaji anayerudia kipande kigumu mara 30 bila kupumzika hukimudu ifikapo mara ya 30, na keshoye hukikuta kimepotea, huku midomo yake ikiwa imelipa gharama yote. Afadhali achague vipande vitatu, akipige kila kimoja mara tatu au nne, ahamie kingine, kisha arudi.

Vilevile, vipindi vifupi vilivyogawanywa katika siku nyingi hushinda kipindi kirefu cha siku moja. Haba na haba hujaza kibaba: dakika 30 kila siku zitamfaa mpigaji kuliko saa nne za Jumamosi pekee, kwa kuwa midomo hupata nafasi ya kujijenga na ubongo hupata usingizi wa kuimarisha ulichojifunza.

5.3 Sauti ndogo

Herbert L. Clarke, mpiga korneti aliyejulikana kwa kazi yake katika bendi ya John Philip Sousa, alichapisha mwaka 1912 kitabu cha mazoezi ambacho hadi leo hutumiwa na wapigaji wa tarumbeta duniani. Sharti lake linalorudiwa ni kupiga kwa sauti ndogo na bila kujikaza. Sababu yake inaeleweka kwa kuzingatia sehemu ya 2.0: hewa ikiwa kidogo, midomo iliyokazwa kupita kiasi haitatikisika kabisa. Sauti ndogo hufichua kosa ambalo sauti kubwa hulifunika. Anayeweza kuanza noti kwa mnong'ono ataweza kuikuza. Anayeweza kuianza kwa kishindo tu hajaimiliki.

6.0 Mpangilio wa saa moja

Kwa kuzingatia misingi hiyo, mpangilio ufuatao unapendekezwa. Unaweza kufupishwa kwa uwiano uleule.

(i) Dakika 5: pumzi na kuimba bila ala.
(ii) Dakika 10: noti ndefu za katikati, kwa sauti ndogo, pamoja na zoezi la kutafuta katikati ya noti.
(iii) Dakika 5: mapumziko ya midomo, mpigaji aimbe wimbo wa siku huku akibonyeza vali bila kupuliza.
(iv) Dakika 10: kupanda na kushuka katika toni asilia bila kubadilisha vali, kuanzia chini, na kusimama kabla ya noti inayodai mgandamizo.
(v) Dakika 5: mapumziko, kujitazama katika video au kumsikiliza mpigaji mwingine.
(vi) Dakika 10: vipande vitatu vigumu kwa kubadilishana.
(vii) Dakika 5: mapumziko.
(viii) Dakika 10: kupiga nyimbo kama katika sherehe, bila kusimama kwa ajili ya makosa.

Ndani ya kila kipindi cha kupiga, isipokuwa cha mwisho, mpigaji apumzike kwa muda sawa na aliotumia kupiga. Kwa hesabu hiyo midomo hufanya kazi kwa takribani dakika 25 katika saa nzima. Kanuni hii ina manufaa mahsusi katika makundi yenye ala chache. Wapigaji wawili wanaotumia tarumbeta moja hudhani kwamba kila mmoja anapoteza nusu ya muda. Ukweli ni kwamba mmoja akipiga kifungu na mwenzake akakijibu, kila mmoja anapata mapumziko anayoyahitaji pamoja na kielelezo cha kusikiliza. Inashauriwa kila mmoja awe na kipulizio chake mwenyewe. Isipowezekana, kioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kubadilishana.

7.0 Utekelezaji katika sherehe

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba mazoezi ya utulivu yanafaa ukumbini, lakini juu ya gari, katikati ya honi na ngoma, mpigaji hana budi kupuliza kwa nguvu zote. Ni kweli kwamba mazingira hayo yanadai sauti kubwa. Hata hivyo, sauti kubwa hupatikana kwa njia zaidi ya moja.

Kwanza, noti iliyopigwa katikati yake husikika mbali zaidi kwa hewa ileile. Pili, sauti kali za tarumbeta husafiri zaidi kuelekea mdomo mpana wa ala unakoelekea. Mpigaji anayeuelekeza sakafuni mwa gari hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Tatu, kundi linaweza kupokezana: nusu ya matarumbeta yakibeba ubeti na nusu nyingine ikipumzika, kisha wote wakakutana kwenye kiitikio, kiitikio kitasikika kikubwa zaidi kwa sababu ya tofauti hiyo, na midomo itadumu hadi mwisho wa msafara.

Nne, ala yenyewe ikaguliwe. Vali zilizochakaa huvujisha hewa, na mpigaji hulipia uvujaji huo kwa midomo yake. Kipimo chake ni rahisi: kivutwe polepole kijibomba cha vali mojawapo bila kuibonyeza vali hiyo, kisha vali ibonyezwe. Ukisikika mlio mfupi kama wa kizibo kinachofunguka, vali inazuia hewa. Usiposikika, hewa inapita mahali isipopaswa, na hakuna mazoezi yatakayoondoa kasoro hiyo. Kuosha bomba kwa maji ya vuguvugu na kutia mafuta ya vali mara kwa mara huongeza umri wa ala.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ufundi wa ala za shaba hutegemea ushirikiano wa hewa inayosafiri, midomo iliyo huru kutikisika na bomba linalopewa sauti linayoikubali. Nguvu inayoongezwa nje ya ushirikiano huo haiongezi sauti. Huongeza uchovu, na kwa baadhi ya watu huleta jeraha. Mazoezi yenye mapumziko, yanayochanganya kazi, yanayoanzia katika sauti ndogo na yanayoongozwa na wimbo, hujenga uwezo unaodumu.

Inapendekezwa kwamba viongozi wa bendi za makanisa, za shule na za sherehe wawafundishe wanagenzi pumzi na uimbaji kabla ya kuwakabidhi ala, na kwamba wasimpime mwanafunzi kwa ukubwa wa sauti yake katika miezi ya mwanzo. Maelekezo mawili yaliyotajwa mwanzoni yanaweza kurekebishwa bila kupoteza ufupi wake. Badala ya kumwambia mwanafunzi apulize kwa nguvu, aambiwe aache hewa isafiri. Na badala ya kumwambia akaze midomo, aambiwe aimbe kwanza, kisha apige alichoimba.